Kulala garini kwenye baridi ya bara: mwongozo kamili kwa msafiri wa kutoka Malindi

Usiku wa baridi Malindi ni ule wa Julai, kusi ikivuma, mtu akajifunika leso mbili na kufunga dirisha. Hata hapo kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 22. Ndiyo maana mtu wa Pwani akipanda bara na gari lake, akiwa na nia ya kulala humo humo, hubeba blanketi moja na moyo mkunjufu, na saa nane za usiku humkuta amekaa kwenye kiti cha dereva akitetemeka, mkono uko kwenye ufunguo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila ukipanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi kama 6 na nusu. Limuru iko kwenye mita 2,200 hivi, na lango la Sirimon la Mlima Kenya limepita mita 2,600. Toa nyuzi 17 kwenye usiku wa Malindi, utapata usiku wa Sirimon: sita, tano, na anga ikiwa wazi bila mawingu, pungufu ya hapo. Julai na Agosti ndiyo miezi ya hatari zaidi, na ndiyo miezi ambayo familia nyingi hupata nafasi ya kusafiri.

Gari haliongezi joto. Ni bati na vioo. Injini ikishapoa, saa moja au mbili hazipiti kabla ya ndani kukaribiana na nje. Joto litakalobaki ni la miili yenu tu. Mtu aliyelala hutoa joto la kama wati 70 hadi 80, kiasi cha balbu moja ya zamani. Si haba, mradi lisipotee. Kazi yote iliyoandikwa hapa ni kulizuia joto hilo, na papo hapo kuacha hewa ipite.

Tuanze na linaloua

Usiingize moto wa makaa garini. Si jiko, si seredani, si makaa yaliyobaki kidogo ambayo "yamekwisha moshi". Hayo yasiyo na moshi ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mtu huyaamini. Makaa yanayowaka polepole hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki akakohoa. Huzidi kulala.

Nyumbani kwetu kuna jambo jingine la kulitazama kwa makini, nalo ni chetezo. Kufukiza udi kabla ya kulala ni desturi njema, na ndani ya nyumba yenye madirisha mapana na ua wazi hakuna tatizo. Ndani ya gari lenye ujazo wa mita chache, kile kipande cha kaa chini ya udi ni jiko dogo. Fukizeni nguo na mashuka nje, makaa yazimwe kwa maji, ndipo muingie. Meko ya gesi nayo ni ya nje, hata kama ni ya kuchemsha kikombe kimoja tu.

Kufungua dirisha kidogo hakufanyi makaa kuwa salama. Tutalisema tena kwenye habari ya unyevu, maana watu huchanganya: upenyo wa dirisha ni wa pumzi zenu, si wa jiko.

Kuwasha injini usiku kucha ili hita ifanye kazi pia ni kosa. Injini ya lita 1.5 hadi 2 ikiwa imesimama hunywa kati ya nusu lita na lita moja ya mafuta kwa saa. Usiku wa saa nane unaweza kukulia lita nne hadi nane. Hilo ni la pesa. La roho ni kwamba moshi wa bomba unaweza kurudi ndani kwa upepo, au bomba likazibwa na majani marefu na tope, au likawa limetoboka chini ya sakafu. Ikibidi kuwasha, washa mkiwa macho wote, dakika 15, nyuma pakiwa wazi, kisha zima.

Kuna mtego mmoja unaowahusu hasa watu wanaotoka usawa wa bahari. Ukipanda hadi mita 2,600 ndani ya siku moja au mbili, unaweza kuumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu kwa sababu ya mwinuko peke yake. Dalili za kaboni monoksaidi ni hizo hizo. Basi usikae kubahatisha: mtu akilalamika kichwa usiku, fungueni milango yote, tokeni nje, pumueni robo saa. Kama wawili au watatu wanaumwa kwa wakati mmoja na kuna chochote kilichowashwa, chukulieni ni sumu mpaka ijulikane vingine, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi, kinachotumia betri ndogo na kupiga king'ora, ni mali bora kuliko blanketi la tatu. Kiwekwe karibu na usawa wa vichwa vya waliolala.

Kabla ya kutoka Malindi

Chumvi ya bahari hula mabati, na ekzosi huwa ya kwanza kuoza. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa gari likiwa uwanjani, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa sekunde chache, nawe uinamie kando usikilize. Ekzosi nzima itasukuma tambara na injini itaanza kusita. Iliyotoboka itapuliza "sss" mahali pengine, mara nyingi kwenye maungio au chini ya kiti cha abiria. Fundi wa kuchomelea aimalize kazi hiyo kabla ya safari, hata kama hamna nia ya kuwasha injini usiku.

Halafu mipira ya milango. Jua la Malindi huikausha ikapasuka. Chukua kipande cha karatasi, funga mlango juu yake, kisha kivute. Kikishikiliwa, mpira ni mzima. Kikitoka kama kimeteleza kwenye mafuta, hapo ndipo upepo utakapopita saa kumi za usiku. Zunguka mlango mzima, kila mahali jaribu, weka alama kwa chaki. Upenyo mdogo huzibwa kwa kamba ya sponji yenye gundi upande mmoja.

Rejeta ndiyo husahauliwa kabisa. Magari mengi ya Pwani hutiwa maji ya bomba au ya kisima, na hakuna aliyewahi kuona madhara isipokuwa kutu. Ukikusudia kulala kwenye mita 3,000 na kwenda juu, pale ambapo jalidi huanguka, maji matupu yanaweza kuganda, na maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Mabomba na rejeta hupasuka. Toa maji yote, tia kulanti, yaani dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Mchanganyiko huo hustahimili baridi ya chini kabisa kuliko utakayoikuta popote Kenya ambako gari hufika.

Betri ipimwe asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 ni iliyojaa, 12.2 ni nusu. Betri iliyoishi miaka mitatu kwenye joto la Pwani huweza kuwasha gari vizuri Malindi, ikashindwa alfajiri ya kwanza ya baridi, kwa kuwa baridi huipunguzia nguvu na papo hapo hufanya oili ya injini kuwa nzito.

Mahali pa kuegesha

Usiku hewa baridi huwa nzito, hushuka mteremko na kukusanyika bondeni kama maji. Kwa hiyo usiegeshe chini kabisa kando ya mto, hata kama ndipo panapopendeza. Panda kidogo, mita 20 au 30 juu ya bonde hutosha kuleta tofauti unayoihisi. Chini ya matawi ya mti pia ni afadhali kuliko uwanja wazi, mradi matawi ni mazima. Elekeza pua ya gari kunakotoka upepo, ili mlango wa nyuma ufunguliwe upande wa kinga. Vichwa viwe upande ulioinuka. Na fikiria jua litachomoza wapi: kioo kikubwa kikitazama mashariki, gari litapata joto saa moja kasorobo badala ya saa tatu.

Lala kwenye kambi iliyoruhusiwa. Pembezoni mwa Mlima Kenya na Aberdare kuna nyati na tembo, na mtu aliyeamka na usingizi akatoka kwenda haja gizani hawaoni. Wekeni kopo lenye kifuniko ndani ya gari.

Chini kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo tungependa msomaji akae zaidi. Mtu wa nchi ya joto hufikiri baridi hutoka juu, kwa hiyo hurundika mablanketi kifuani. Baridi ya garini huingilia chini. Blanketi lililo chini yako limebanwa na uzito wa mwili, hewa iliyokuwa ndani ya nyuzi zake imetoka, na bila hewa hiyo halizuii chochote. Mgongo wako unabaki unapasha bati la sakafu usiku mzima.

Tandiko lijengwe kwa tabaka, kuanzia sakafuni:

1. Jamvi au mkeka wa ukindu, ule wa kawaida wa kuanikia. Kazi yake si joto, ni kuliinua tandiko kutoka kwenye bati ili unyevu usitulie katikati. Godoro lililolazwa juu ya bati tupu huloa chini kabla ya alfajiri.

2. Mkeka wa foamu isiyonyonya maji, unene wa sentimita 1 au zaidi, kama ile ya mazoezi. Ijaribu: minya kipande ndani ya ndoo ya maji. Kikinyonya kama sifongo, si chenyewe. Mikeka miwili ya sentimita 1 ni bora kuliko mmoja.

3. Godoro la sponji la hevi dyuti, sentimita 8 hadi 10. Sponji laini la bei nafuu hulala bapa chini ya nyonga, na hapo ndipo utakapoamkia baridi. Bonyeza kwa goti dukani: ukigusa sakafu, liache.

4. Blanketi zito, la sufu likipatikana, au shuka mbili za Kimaasai.

Pima gari kabla ya kukata godoro. Probox viti vya nyuma vikilazwa hutoa karibu mita 1.8, mtu mrefu atalala mshazari. Noah hutoa zaidi viti vikiondolewa, lakini viti vikilazwa tu huacha mabonde katikati. Jaza mabonde hayo kwa begi za nguo, kisha weka plaiwudi ya milimita 9 juu yake. Upenyo wowote kati ya godoro na mlango uzibwe kwa nguo zilizokunjwa, kwa sababu bega au goti likigusa bati la mlango, huo ndio mwisho wa usingizi.

Ukiwa na blanketi tatu na watu wawili, weka moja chini na mbili juu. Ukiwa na mbili tu, bado moja iende chini. Watu hubishia hili mpaka walale mara moja.

Vioo

Kioo hupitisha joto kuliko sehemu yoyote nyingine ya gari. Nunua karatasi ya alumini yenye mapovu inayowekwa chini ya mabati ya dari. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa kwa mita. Noah huhitaji kama mita 5 za upana wa mita 1.2, pamoja na kioo cha mbele. Kata kwa kufuata umbo la kioo, ukiacha sentimita 2 za ziada kila upande ili kipande kijibane chenyewe kwenye ukingo bila gundi. Andika kwenye kila kipande ni cha dirisha gani, la sivyo mtahangaika gizani.

Kwa anayelala usiku mmoja tu, maboksi ya katoni yaliyokatwa vizuri hufanya kazi nzuri, isipokuwa hulowa. Kikoi kilichotundikwa kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala hupunguza chumba cha kupasha joto karibu nusu. Tundika viwili, vikiachana upana wa kiganja.

Unyevu na pumzi

Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho kama vikombe viwili vya maji usiku mmoja. Maji hayo hugeuka matone kwenye vioo na dari, hudondoka, huloesha blanketi, na blanketi lililoloa halina joto. Kwa hiyo dirisha lazima libaki wazi kidogo, na hili ndilo mtu wa Pwani hulikataa kabisa akisikia upepo. Acha upenyo wa sentimita 1 hadi 2 kwenye madirisha mawili ya pembe zinazotazamana, moja la mbele kushoto, jingine la nyuma kulia. Upenyo wa moja peke yake hauvuti hewa. Mvua ikitarajiwa, chagua upande ambao upepo hauupigi.

Nguo zilizoloa, taulo na viatu vyenye tope visilale nanyi. Vitieni kwenye mfuko wa plastiki, mfunge, muweke mbele. Usifunike uso kwa blanketi: pumzi hulowesha lote. Kwa mtoto mchanga hilo ni sharti, si ushauri. Avalishwe nguo za kutosha na kofia, wala blanketi lisimpite kifua.

Mavazi na tumbo

Badili nguo zote kabla ya kulala, hata kama ulizovaa zinaonekana kavu. Pamba hunyonya jasho la mchana na kulishikilia, na fulana ya safari ndiyo itakayokupoza usiku. Karibu na ngozi vaa poliesta au sufu nyepesi, juu yake sweta, kichwani boshori, miguuni soksi kavu zisizobana. Soksi mbili zilizobana ni mbaya kuliko moja iliyolegea, kwa kuwa huzuia damu. Majaketi mazito na mifuko ya kulalia hupatikana kwenye mitumba. Kongowea huko Mombasa watu wa bara wenyewe huja kutafuta. Kagua zipu yote, na utikise mfuko dhidi ya mwanga: ukiona manyoya yamekusanyika upande mmoja, upande ule mwingine ni kitambaa tu.

Ingia kitandani ukiwa tayari na joto. Blanketi hulinda tu lililopo. Tembea haraka dakika kumi kuzunguka kambi, usifikie kutoka jasho, kisha lala. Kula chakula chenye mafuta saa moja kabla: mbaazi za nazi kwa mahamri, au wali na kitoweo. Weka tende karibu na mto kwa ajili ya saa tisa. Mnazi na pombe nyingine hupanua mishipa ya ngozini. Mtu hujihisi amepata joto huku akilipoteza. Muguka na miraa kwa upande wao hubana mishipa ya vidole na kufukuza usingizi.

Maji ya moto

Kama kuna jambo moja la kulichukua hapa na kuacha mengine, ni hili. Chupa ya mpira ya maji moto, inayouzwa kwenye duka la dawa, ya lita 2, ikijazwa theluthi mbili kwa maji ya nyuzi 80, hutoa joto sawa na wati 65 hivi kwa saa nzima kabla haijapoa kufikia joto la mwili, na hulitoa polepole kwa saa tano au sita.

Chemsha nje, acha maji yatulie dakika tano. Jaza theluthi mbili, siyo mpaka mdomoni. Shika shingo ya chupa, ilaze upande mpaka maji yaonekane mdomoni na hewa imetoka, ndipo ufunge. Igeuze chini juu, ikamue juu ya nyasi, si juu ya godoro. Ikivuja tone moja, usiilale nayo. Ifunge ndani ya leso iliyokunjwa mara mbili. Ngozi ya mtu aliyelala huungua bila yeye kuhisi, hasa mzee na mwenye kisukari. Iweke kitandani nusu saa kabla, sehemu ya nyonga, kisha ukiingia isogeze katikati ya mapaja, mahali mishipa mikubwa hupita karibu na ngozi. Miguuni hufika damu iliyopashwa huko juu.

Maji yanayobaki yatieni kwenye chupa za chai mbili. Moja ni ya kujaza upya saa tisa usiku bila kutoka nje kuwasha meko. Ya pili ni ya udhu wa alfajiri. Changanya na ya baridi mpaka yawe vuguvugu, na baada ya hapo kausha vidole vya miguu kimoja kimoja kabla ya kuvaa soksi.

Umeme na hita ya dizeli

Blanketi la umeme la volti 12 hula ampea 4 hadi 5. Betri ya gari ya aina ya NS60 ina ampea-saa 45, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Maana yake ni saa nne au tano, na hapo tayari unacheza na uwezekano wa kukwama. Tumia nusu saa ya kupasha tandiko, basi, au weka betri ya pili isiyohusiana na ya gari.

Hita ya dizeli ni mashine nzuri kwa anayesafiri mara kwa mara, kwa sababu huchoma nje ya chumba na hupuliza hewa safi ndani. Hunywa lita 0.1 hadi 0.5 kwa saa. Bomba lake la moshi lazima litokee nje kabisa ya gari, lisiishie chini ya sakafu, na bomba la kuvuta hewa ya kuchomea liwe mbali nalo. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: juu ya mita 2,000 hewa ni pungufu, mafuta huzidi, hita hujaa masizi na kuzima. Punguza mapigo ya pampu kwenye kidhibiti, au nunua yenye mpangilio wa mwinuko. Kila asubuhi iache izime yenyewe kwa utaratibu wake, usikate umeme ghafla. Na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe kazini hata ukiwa nayo.

Alfajiri

Baridi kali kabisa huja kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu. Msikimbilie ufunguo, chupa ya pili na kahawa ya tangawizi vitawavusha. Jua likishapiga kioo, ng'oeni karatasi za alumini, fungueni milango yote, futeni vioo kwa taulo na mlikamue nje. Toeni godoro na mkeka wa foamu, muvisimamishe juani vikiwa vimeegemea gari, upande wa chini ukitazama jua, angalau saa moja. Kama mnalala tena usiku unaofuata, msiviingize mpaka kiganja kikiwekwa chini ya godoro kihisi ukavu mtupu.